Poni wa zamani: uwapange kwa mwaka, kwa nchi au kwa umbo?

Poni watano hawahitaji mpango. Wakifika thelathini, tisa kati yao wa waridi na kila mmoja na waridi yake, ndipo mkusanyaji hukwama: hawa ni wahusika tisa, au ni mhusika mmoja aliyetengenezwa nchi tatu kisha akapaushwa na jua la nyumba sita? Jibu hutegemea kigezo ulichochagua cha kupangia. Wakusanyaji wana njia tatu kubwa. Kuna wanaofuata mfululizo wa kila mwaka, kuna wanaofuata nchi ya kiwanda, na kuna wanaofuata umbo, yaani kalibu iliyomzaa poni.

Hapa tunazungumzia My Little Pony wa Hasbro, hasa kizazi cha kwanza. Kwa mkusanyaji wa Kampala, Jinja au Mbarara, jambo moja hubadilisha hesabu nzima: poni hufika uchi. Hutoka kwenye belo la vichezeo vya mitumba, mivumba kama tunavyosema huku, bila kadi ya dukani, bila kitana wala utepe, mara nyingi nywele zimekatwa na mtoto aliyekuwa naye. Belo lenyewe halisemi kitu, kwa sababu bidhaa hizi hukusanywa nchi moja, huchambuliwa nyingine, ndipo zikapakiwa kuja Mombasa na kuvuka Malaba au Busia. Muuzaji wa Owino, soko kubwa la mitumba Kampala, akikuambia poni katoka Uingereza, anakutajia alikonunuliwa belo, si alikozaliwa poni. Ushahidi ulio nao ni mwili wa poni peke yake, na njia zote tatu zitapimwa hapa kwa ukweli huo.

Vigezo ni vinne: ushahidi unaohitajika mkononi, upatikanaji na gharama kwa aliye Uganda, makosa yanayotokea mara kwa mara na sababu zake, na urahisi wa kubadilishana au kuuza. Mwisho wa kila njia tutasema inamfaa nani.

Kwanza, hakikisha ni kizazi gani

Hatua hii ni ya lazima kwa njia yoyote utakayoshika. Mwaka 1981 Hasbro walitoa My Pretty Pony, farasi mkubwa wa plastiki ngumu wa urefu wa sentimita 25 hivi, kutokana na ubunifu wa Bonnie Zacherle. Poni wadogo laini, wa vinaili iliyo wazi ndani, walifuata 1982 na kuenea 1983. Hicho ndicho kizazi cha kwanza. Marekani kilisimama 1992, Ulaya kikaendelea hadi 1995. Kizazi cha pili kilianza 1997. Marekani kilikatwa 1999 lakini Ulaya kiliuzwa hadi 2003, mwaka ulioleta kizazi cha tatu.

Kwa mkono utawatenganisha hivi. Wa kwanza ni mnene, kichwa kimegandishwa shingoni, miguu mifupi. Wa pili ni mwembamba, miguu mirefu, na kichwa chake hugeuka. Wa tatu hurudi kwenye unene, na baadhi yao wana sumaku ndani ya ukwato: sogeza msumari mdogo au pini chini ya mguu, ukivutwa umeshajibiwa. Mwenye sumaku muweke kando. Si wa kutupa, ila si wa ulinganisho huu.

Njia ya kwanza: kwa mfululizo wa mwaka

Hii ndiyo njia kongwe. Inafuata jinsi Hasbro walivyotoa poni Marekani, mwaka wa kwanza hadi wa kumi. Mwaka wa kwanza una poni sita tu: Cotton Candy, Blue Belle, Butterscotch, Minty, Snuzzle na Blossom. Mwaka wa pili waliingia wenye pembe na wenye mabawa, kina Glory, Moondancer, Firefly na Medley. Baadaye wakaja poni wa baharini wasio na miguu, poni watoto, wenye macho yanayometa kama vito, wenye manyoya laini kama mahameli, na madume wakubwa.

*Ushahidi.* Unahitaji vitu vitatu: rangi ya mwili, rangi ya nywele, na nembo iliyo pajani. Minty ni kijani kibichi mpauko mwenye majani ya klova, Snuzzle ni kijivu mwenye mioyo na nywele za waridi, Butterscotch ana vipepeo. Nembo ikiwa nzima, mhusika hutambulika kwa dakika moja. Ikifutika kabisa bado unaweza kumtafuta: mwinamishe poni chini ya tochi ya simu, mwanga upige kwa ubavu. Rangi ya nembo huacha kivuli kidogo au mng'ao tofauti mahali ilipokaa.

*Upatikanaji.* Kati ya njia tatu, hii ndiyo nafuu. Wahusika wa kawaida walitengenezwa kwa wingi Hong Kong na China, nao ndio wanaojitokeza mara nyingi kwenye mirundo. Pale Owino usiulizie jina la kampuni. Ulizia farasi, au embalaasi kwa Kiganda, na pekua sehemu ya wanasesere na vichezeo vya kubonyea, kwa kuwa wauzaji huwachanganya humo.

*Makosa.* Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kusoma mwaka ulio chini ya ukwato kana kwamba ni mwaka wa kutengenezwa. Ule ni mwaka wa hakimiliki ya kalibu. Kalibu ya 1983 iliweza kutoa poni miaka mingi baadaye, na poni wote hao watasema 1983.

Kosa la pili ni kuchukua orodha ya Marekani kama ya dunia nzima. Baadhi ya poni waliouzwa Marekani wakiwa na manyoya ya mahameli, Ulaya waliuzwa wakiwa vinaili tupu, jina lilelile na nembo ileile. Asiyejua humwona poni wa Ulaya akamwita kipara, akamtupa kwenye vipuri. Hapa inafaa kutulia. Aliyenyonyoka huacha mabaki: chungulia ndani ya masikio, puani, kati ya miguu na kwenye mkunjo wa shingo, utaona vumbi la manyoya au utando wa gundi ulio mkavu na wa manjano. Tena nembo ya poni wa mahameli huwa juu ya manyoya, kwa hiyo yaking'oka nayo huondoka mapandemapande. Poni mwenye vinaili safi hata ndani ya masikio, na nembo nzima juu yake, hakunyonyoka. Alizaliwa hivyo. Kuna pia waliouzwa Ulaya peke yake, kama madume wanaoitwa Mountain Boys. Ukiwatafuta kwenye orodha ya Marekani utazeeka.

*Kubadilishana.* Rahisi sana. Ukisema "Minty, mwaka wa kwanza, kwato bapa", mkusanyaji wa nchi yoyote anakuelewa. Hilo la kwato lina maana yake: poni sita wa kwanza walianza na kwato zilizo bapa chini, kisha wakatolewa tena na kwato zenye shimo. Bapa hutafutwa zaidi.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, anayetaka orodha yenye mwisho, na mwenye bajeti ya kununua mmoja mmoja.

Njia ya pili: kwa nchi ya kiwanda

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye hasara kubwa pia. Kwa nini poni mmoja alitengenezwa nchi nyingi? Sababu mojawapo ilikuwa ushuru. Katika miaka ya 1980 nchi kadhaa, hasa za Amerika ya Kusini, zililinda viwanda vyao kwa kodi kali juu ya bidhaa zilizokamilika kutoka nje. Kuingiza poni wa Hong Kong pale kulikuwa ghali, wakati mwingine hakuwezekani. Hasbro wakatoa leseni kwa makampuni ya huko. Brazil walipewa Estrela, waliouza kwa jina la Meu Querido Pônei. Argentina ni Top Toys, Ugiriki ni El Greco, Japani ni Takara. Italia poni aliitwa Mio Mini Pony, na wapo waliotengenezwa hukohuko. Vivyo hivyo Hispania na Mexico.

Mara nyingi kalibu zilikuwa zilezile au za jamii ileile, lakini vinaili, rangi, nywele na mikono vilikuwa vya nchi husika. Matokeo yake Minty anaweza kuwa na kijani kisichojulikana Hong Kong, au poni akavaa nembo ya mwingine. Wakusanyaji huwaita hawa wa nchi zisizo za kawaida "nirvana", na huwalipia vizuri.

*Ushahidi.* Anza na kwato. Maandishi hugawanywa: ukwato mmoja una jina la Hasbro, mwingine mwaka, mwingine nchi. Herufi ni ndogo na mara nyingi zimejaa uchafu. Osha kwato kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini, kausha, kisha paka poda ya mtoto na uipanguse kwa kidole. Poda hubaki ndani ya herufi na kuzifanya nyeupe. Kwenye poni mweupe, weka karatasi nyembamba juu ya ukwato na kusugua kwa penseli. Nakili maandishi yote kama yalivyo, pamoja na nukta na alama, wala usiandike "Hong Kong" kwa kukisia kutokana na herufi mbili.

Hong Kong, China na Macau ni uzalishaji wa kawaida. Italia au Hispania ikiandikwa wazi, una hoja nzuri mkononi. Ugumu uko kwa wasio na nchi kabisa. Nirvana wengi hawana alama ya nchi, lakini hata poni wa kuiga wa dukani hawana. Ukwato mtupu basi ni swali tu, na swali lenyewe huhitaji angalau dalili mbili nyingine zinazokubaliana.

Dalili ya kwanza ni kipimo. Aliyeiga kwa kuchukua poni halisi na kumtengenezea kalibu hupata poni mdogo kidogo, kwa sababu vinaili husinyaa ikipoa. Mpime mshukiwa na poni wa Hong Kong wa umbo lilelile: kutoka ukwato hadi ncha ya sikio, kisha upana wa kifua. Akipungua pande zote kwa uwiano mmoja, na mikunjo ya uso imefifia, huyo ni wa kuiga.

Dalili ya pili ni nywele. Poni wa kawaida wana nywele za nailoni. Chukua uzi mmoja uliokwisha kukatika, using'oe, uutie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo na uuzamishe kwa kijiti. Nailoni huzama taratibu. Polipropilini huelea hata ukiizamisha mara tatu. Bila sabuni jaribio hili hudanganya, kwa kuwa ngozi ya maji hushikilia uzi wowote mwembamba. Ukiona polipropilini kwa poni wa Hong Kong wa kizazi cha kwanza, shuku nywele zilizobadilishwa. Linganisha pia shingo na mkia: fundi wa kurudishia nywele mara nyingi hujaza matundu kwa vishungi vyenye unene usiolingana, na rangi ya mkia hukataa kufanana na ya shingo.

*Upatikanaji.* Kwa aliye Uganda, poni wa nirvana kupatikana kwenye rundo ni bahati. Wengi utawanunua nje, na hapo jumlisha nauli na kodi ya forodha kabla ya kukubaliana bei, maana nauli ya poni mmoja huweza kumzidi poni mwenyewe. Wanaoagiza kwa pamoja, watu wanne sanduku moja, hupumua kidogo.

*Makosa.* Yapo mengi, na karibu yote yanahusu rangi. Poni aliyepauka si toleo la nchi nyingine. Kabla ya kusema lolote kuhusu rangi, fanya ukaguzi wa sehemu tatu. Gawanya nywele za shingoni uangalie ngozi iliyo chini yake. Angalia ndani ya mapaja, mahali jua halifiki. Kisha tazama shina la nywele, pale zinapotokea tunduni, ulinganishe na ncha. Mfano: poni wa rangi ya krimu mwenye nywele nyeupe anaonekana mgeni kabisa, hakuna orodha inayomtaja. Ukigawanya nywele unakuta mistari miwili ya waridi iliyokolea imelala chini ya shungi, na kila tundu lina milimita mbili za nywele za waridi kabla ya kugeuka nyeupe. Huyo ni poni wa waridi wa kawaida aliyekaa dirishani miaka. Toleo la kweli lina rangi moja kila mahali, hadi ndani ya masikio.

Kuna pia tatizo linalokwenda upande wa pili: poni anayekolea au kugeuka badala ya kupauka. Viwanda wakati mwingine vilisaga mabaki ya vinaili ya rangi nyingine na kuyachanganya, na baada ya miaka rangi ya mabaki hujitokeza. Mwili huingia uwekundu au rangi ya chungwa yenye mabaka, mara nyingi kichwa na mwili vikitofautiana kwa sababu kila kimoja kilimiminwa peke yake. Kichwa cha rangi moja na mwili wa nyingine ni kasoro ya vinaili, na usikubali kuuziwa kwa jina la "toleo adimu".

Lingine ni lugha ya kadi. Kadi ya Kijerumani au ya Kifaransa haimaanishi poni alitengenezwa Ujerumani au Ufaransa. Wengi wao ni wa Hong Kong na China waliofungwa kwa soko hilo. Kadi husema alikouzwa. Ukwato husema alikozaliwa. Andika vyote viwili, katika safu mbili tofauti.

*Kubadilishana.* Thamani ni kubwa lakini wanunuzi ni wachache na ni wakali. Watadai picha ya kila ukwato, picha ya nywele zilizogawanywa, na picha ya poni wako kando ya poni wa kawaida wa jina hilohilo. Piga picha kivulini asubuhi, juu ya karatasi nyeupe, bila taa ya ndani wala kichujio cha simu. Taa ya manjano ya sebuleni inatosha kumgeuza poni wa Hong Kong kuwa Mgiriki.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye jicho la rangi, na aliye tayari kuwa na poni kumi baada ya miaka mitano. Haimfai anayeanza, kwa sababu huwezi kulitambua lisilo la kawaida kabla hujalishika la kawaida mara nyingi.

Njia ya tatu: kwa umbo

Njia hii haina sifa kubwa, nami naona inaonewa. Unapanga poni kwa jinsi wanavyosimama: kichwa kimeelekea wapi, mguu upi umeinuliwa, amekaa au anakimbia. Maumbo huitwa kwa jina la mhusika anayejulikana zaidi kwa umbo hilo, kwa hiyo utasikia "umbo la Firefly", "umbo la Glory", "umbo la Applejack". Seashell amekaa kitako. Wale sita wa kwanza wote wana umbo moja, kwa hiyo kwa njia hii ni mstari mmoja tu wa daftari.

*Ushahidi.* Mwili tu. Nembo ikifutika, nywele zikinyolewa, rangi ikapauka, umbo hubaki. Kwa soko la poni uchi, hakuna njia iliyo imara kuliko hii.

*Upatikanaji.* Kila poni anahesabika, hata yule wa shilingi chache aliyekatwa mkia. Nirvana na wa kawaida hukaa rafu moja, na hapo ndipo macho hujifunza kuwatofautisha.

*Makosa.* Joto hupotosha. Poni aliyebanwa chini ya belo au kuachwa chini ya bati mchana huinama shingo na kupanua miguu, ukadhani ni umbo jipya. Mlaze kwenye maji ya moto yasiyochemka dakika mbili tatu, vinaili italegea na kurudi yenyewe. Umalizie kwa maji baridi ukiwa umemshika katika mkao sahihi. Kama anarudi kuinama, mkunjo umekuwa wa kudumu. Kosa jingine ni kusahau kwamba umbo moja lilitumika kwa wahusika wengi, kwa hiyo umbo peke yake halikupi jina.

*Kubadilishana.* Hafifu. Wachache hununua kwa umbo. Lakini umbo husaidia kuuza kwa njia nyingine: jina fulani likijitokeza katika umbo ambalo orodha ya Marekani haimpi mhusika huyo, una sababu ya kuanza kuchunguza nchi.

*Inamfaa nani.* Anayenunua kwa rundo, fundi wa kukarabati anayehitaji kujua mwili upi utatoa kichwa kipi, na mzazi anayetaka kupanga na watoto.

Usafi usifute ushahidi

Njia yoyote utakayoshika, poni mchafu asioshwe kabla ya kupigwa picha. Kisha tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, basi. Dawa ya kung'arisha nguo, Jik na ndugu zake, huua rangi ya nywele na kukuachia "toleo" lisilowahi kuwepo. Asetoni ya kutoa rangi ya kucha hula nembo, macho na vinaili yenyewe. Sponji nyeupe ya kukwangua itumie mbali na nembo na macho tu, kwa kuwa inasugua kama msasa mwembamba.

Usimzamishe poni mwenye mkia wa asili bila sababu. Poni wengi wa kizazi hiki wana kipande cha chuma ndani kinachoshika mkia, maji yakituama hapo hushika kutu, na kutu hutoka nje kama doa la kahawia kuzunguka mkia lisilofutika kutoka nje. Ikiwa maji yameingia, msimamishe kichwa juu, mkia chini, juu ya taulo mahali penye upepo, umkamue tumbo mara kwa mara, umpe siku mbili au tatu. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei mpe zaidi.

Hifadhi: usiwafunge kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Vinaili hii hutoa mafuta yake taratibu, na ndani ya plastiki iliyofungwa poni huanza kunata. Usiwagusanishe wa rangi kali na wa rangi nyepesi, maana rangi huhama kutoka mwili hadi mwili na doa hilo halitoki. Kipande cha pamba kilichofuliwa kati ya kila wawili, katoni yenye matundu, vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, chumba kisicho chini ya bati moja kwa moja. Wenye madoa meusi madogo kama ncha ya pini waweke katoni yao peke yao.

Ukiwa katika hali hii, shika ipi

Una poni chini ya kumi, wote kutoka sokoni: panga kwa mwaka. Utajifunza majina, na majina ndiyo lugha ya wakusanyaji.

Umenunua rundo la hamsini na nusu yao hawana nembo: anza na umbo, siku hiyohiyo, sakafuni. Ukishawagawa, pekua kila kundi kwa nembo na rangi ili kupata majina. Wale wasiopata jina hata baada ya hapo ndio wa kusomwa kwato kwa poda.

Umempata mmoja mwenye Italia ukwatoni: usibadili mpango wote kwa ajili yake. Mwache kwenye orodha ya mwaka, ongeza safu ya nchi, na mtafutie mwenzake wa Hong Kong wa jina lilelile. Wawili kando kwa kando wana thamani ya kujifunza kuliko mgeni mmoja peke yake.

Unataka kuuza nje: orodha kwa mwaka, picha kwa nchi. Mnunuzi hutafuta kwa jina, lakini hulipa baada ya kuona kwato.

Pesa ni kidogo na hamu ni ya nirvana: kusanya kwanza wa Hong Kong na China wa umbo moja, sita au saba, wa wahusika tofauti. Washike, wapime, zoea uzito wao na mguso wa nywele zao. Siku ambayo wa nane atakuwa mwepesi kidogo, na kijani chake kikawa sawa hadi ndani ya sikio, hutahitaji muuzaji akuambie.

Mko wawili au watatu mnaokusanya pamoja, mmoja Arua, mmoja Kampala: kila mtu ashike njia yake, lakini daftari liwe na safu zilezile kwa wote, kwa mpangilio huu: jina, mwaka wa mfululizo, umbo, maandishi ya kwato neno kwa neno, nchi, lugha ya kadi kama ipo, hali ya nembo, nywele ni za asili au zimerudishwa. Isiyojulikana iachwe wazi. Safu iliyo wazi hujazwa baadaye. Iliyojazwa kwa kubahatisha humdanganya anayenunua poni huyo miaka kumi ijayo.